Katuni ya Muuza Mvua

Kanda zile zililetwa na dereva wa lori aliyekwama Ndundu, kwenye kivuko cha mto Rufiji. Pantoni lilikuwa limeharibika, foleni imefika mbali, na baadhi ya madereva wakawa wanarudi Kibiti kutafuta chakula na mahali pa kulala. Huyu mmoja alimpa mjomba wangu kanda tatu za video kwa wali wa siku mbili. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye kibanda cha video nyuma ya soko: mabati juu, magunia madirishani, jenereta nje, ndani televisheni moja na deki. Anasema zamani huku Bara televisheni ilikuwa kitu cha kusimuliwa na waliofika Zanzibar. Siku hizi Kariakoo wanazipanga chini kama masufuria. Alidhani amepata picha za ngumi. Alipochomeka kanda ya kwanza akakuta katuni.

"Ya Kijapani," alituambia, na uso wa mtu aliyefunua chungu akakuta mchuzi umechacha. "Haya, nitawapigia watoto saa tisa, kabla ya ngumi. Bora kuliko kuliwa na panya."

Jina la katuni ile silijui mpaka leo. Maandishi ya mwanzo yalikuwa ya Kijapani, na maongezi yalikuwa ya Kiingereza cha mbio ambacho hata mwalimu wetu hakiongei. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza na nilishika kama neno moja katika matatu. Lakini picha ziliniingia zote. Watu wanaishi kwenye visiwa vinavyoelea angani, na huko juu mvua hainyeshi, kwa sababu mawingu yako chini yao. Yupo msichana wa umri wangu, nywele za buluu kama wino, anashuka na mashua yenye mabawa hadi mawinguni, anakinga mvua kwenye chupa, anaziba vizibo, kisha anazunguka kisiwa hadi kisiwa akiiuza. Ya asubuhi ina ladha yake, ya radi ina ladha yake. Anafuatana na jitu la chuma refu kuliko mnazi, linaloogopa kuku. Kifuani mwa jitu pana mlango mdogo kama wa kabati, na ukifunguliwa unaona jini dogo, ukubwa wa kifaranga, limekaa juu ya gurudumu linaimba. Likiimba, magurudumu yanazunguka na jitu linatembea. Likinyamaza, jitu linaganda hapo hapo, hata kama mguu mmoja uko juu.

"Jini la kupanda kichwani tunalijua," alisema muuza maandazi aliyekuja na wanawe. "La kuendesha mashine ndo naliona leo."

"Linakula nini?" aliuliza mtu nyuma.

"Ubani na halua, kama la kwenu."

Kibanda kizima kilicheka. Mwingine akasema huyo msichana aje huku kwetu masika, achote mvua mpaka achoke, na ndoo tutamwazima. Mimi sikucheka kwa sauti. Huwa sicheki kwa sauti mbele za watu. Shuleni naitwa Bubu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini linafika kooni linakaa. Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: "Nataka niingie kifuani mwa lile jitu nifunge mlango."

Jina la Bubu nilipewa na dada yangu. Ni mtoto wa baba mkubwa, kanizidi miezi sita, na mimi niliishi kwao Kibiti kwa ajili ya shule kwa kuwa wazazi wangu wako kijijini, Dimani. Tulisoma darasa moja. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mdahalo, mkono kiunoni, akiwanyamazisha hata wavulana wa kidato cha nne. Mwalimu alisema atakuwa wakili. Kwenye kibanda tulikaa benchi moja, na sehemu mbili za mwanzo tulizitazama pamoja. Jini lilipoimba alinifinya paja. "Hilo ni langu," alisema. "Wewe chukua jitu. Mnafanana, mmeganda."

Wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba akavunja ungo.

Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anaitwa mwali. Anakaa chumbani, mwanamume asimwone, na anafundwa na mwanamke mzima anayeitwa somo. Na zaidi ya yote, sauti yake isisikike nje. Mwali anaongea kwa mnong'ono, na mbele ya wakubwa haongei kabisa, anainamisha kichwa. Bibi yetu, mama yake baba mkubwa, alikaa ndani miaka miwili enzi zake, na anaisimulia miaka ile kama mtu anayesimulia chuo alichosoma. Alitaka mjukuu wake akae angalau mpaka mpunga uive. Baba mkubwa alitaka arudi shule, kwa sababu kidato cha pili kina mtihani wa taifa. Walibishana ukumbini, sisi wawili tunasikiliza mlangoni.

"Mpaka shule ifunguliwe, mama," alisema baba mkubwa. "Akitulia, atoke Januari aende darasani."

"Na asipotulia?"

"Asipotulia ni wako."

Dada alinigeukia gizani, macho yamemtoka. "Wiki nne," alininong'oneza. "Wiki nne hata mbuzi ananyamaza."

Mimi niliruhusiwa kuingia chumbani kumpelekea chakula. Sababu yake inanichoma kuiandika, lakini daftari hili sikuahidi kulidanganya: nilikuwa sijavunja ungo. Nilihesabiwa mtoto. Kigori.

Siku ya kwanza nilipoingia na sahani, hakuigusa. Alinivuta mkono. "Leo jini limefanya nini?"

Nikamsimulia. Niliinamia sikio lake, na maneno yakatoka. Sijui niseme vipi. Mimi ambaye siwezi kumjibu mwenye duka, mle ndani niliongea bila kukwama. Nilimweleza jinsi jitu lilivyokanyaga paa la msikiti wa kisiwani, ingawa huenda haukuwa msikiti, na jinsi msichana alivyowauzia wazee mvua ya usiku wakaota ndoto moja wote. Pale ambapo Kiingereza kilinipita, nilijaza mwenyewe. Dada alijifunika kanga mdomoni akatetemeka kwa kicheko kisichotoka. Nilipotoka nilikuwa nimelowa jasho, nina furaha kama mtu aliyeiba.

Ikawa kila siku. Saa tisa kibandani, saa kumi chumbani. Mjomba alizipiga sehemu zile moja moja, ili watoto warudi kesho. Baada ya wiki mbili nilikuwa najaza kuliko ninavyokumbuka, na dada hakujua. Alikuwa ananisubiri. Yule aliyewanyamazisha kidato cha nne alikuwa amekaa kwenye mkeka, ngozi imekuwa nyororo kwa kukosa jua, anasubiri Bubu afungue mdomo. Nilipenda. Wakati mwingine nilikaa kwanza, nikafagia, nikapanga vikombe, ili nimsikie akiniomba.

"Dada wee, sema basi."

"Subiri."

"Nakuomba."

Jumatano moja, zikiwa zimebaki siku nane, nilimkuta chumbani na somo wake na wanawake wengine watatu waliokuja kumtazama. Hao si wa kuinamiwa sana, ni watu wa utani. Nilitua sahani. Somo akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniinua kidevu kama anapima papai sokoni.

"Na huyu je? Zamu yake lini?"

Dada alinong'ona, lakini kwa mnong'ono wa mdahalo, wa kufika kila kona. "Huyo mwacheni. Huyo atazeeka kigori. Tutamzika na sare ya shule."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Somo alinipiga kofi la mgongoni, akasema, "Pole mama, itakuja, labda imepotea njia." Dada mwenyewe alinikonyeza, yaani tucheke wote. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya choo, nikalia huku nimeng'ata kiganja.

Alhamisi nilikwenda kibandani kama kawaida. Sehemu ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Jitu lilifukuzwa na kuku mmoja kisiwa kizima, na jini kifuani linacheka badala ya kuimba, ikawa jitu linakimbia kwa kurukaruka. Watoto walianguka kwenye mabenchi. Mimi nilitazama mpaka mwisho nikijua sitaisimulia. Nilimpelekea dada chakula nikamwambia jenereta lilikataa kuwaka.

Nilisubiri Ijumaa. Ijumaa baada ya sala ya alasiri wazee watatu wa mtaa huja kukaa barazani kwetu kunywa kahawa, baba mkubwa awepo asiwepo, na dirisha la chumba cha mwali liko juu ya baraza ile, limezibwa kwa kanga tu. Saa zote nyingine tulikuwa salama, na Ijumaa zilizopita nilingoja kwanza waondoke. Hiyo saa ndiyo niliyochagua. Nasema nilichagua. Nilisikia vikombe vinagongana nje, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa karibu naye.

"Leo imepigwa?" akanong'ona.

"Imepigwa. Kanda imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Jini limeugua."

Alisogea. Alinishika goti kwa mikono miwili.

"Limeimba pole pole, pole pole," nilisema. "Jitu likawa linaburuta miguu. Halafu likasimama katikati ya daraja. Msichana akafungua mlango wa kifuani. Limelala ubavu."

"Akaliimbia yeye?"

"Akaliimbia. Halikuamka."

"Uongo." Bado kwa mnong'ono. Machozi yalikuwa yameanza.

Ningeweza kuishia hapo. Nje mzee mmoja alikuwa anasimulia habari za korosho. Nikasema, "Kachukua chupa tupu, kalitia humo, kaziba kizibo. Halafu kaliuza."

"Kaliuza?"

"Kwa mzee mmoja. Kaambiwa ni mvua ya namna mpya."

Sijawahi kusikia mtu akilia namna ile. Kwanza alifungua mdomo pasitoke kitu. Kisha ikatoka sauti yake yote, ile ya wiki tatu zilizofungiwa. "Muongo! Muongo wee! Muongo mkubwa!" Alinisukuma nikaanguka juu ya sahani.

Barazani hadithi ya korosho ilikatika. Kikombe kiliwekwa chini. Mzee mmoja akakohoa, kikohozi cha mtu anayejifanya hajasikia, na nikasikia makobazi yao yanaondoka, jozi moja baada ya nyingine, bila hata kumaliza kahawa.

Bibi aliingia ameshika upawa. Hakupiga kelele.

"Nani kapayuka?"

Dada aliinamisha kichwa mpaka magotini. Mabega yalikuwa yanaruka.

"Nimeuliza ukuta?" Bibi akanigeukia mimi. "Umemwambia nini mwenzio?"

Dada hakuruhusiwa kumjibu bibi. Ni mimi peke yangu mle ndani niliyekuwa na ruhusa ya kusema. Aliinua uso kidogo, akanitazama pembeni ya kanga, ananisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri kila siku saa kumi.

"Sijamwambia kitu, bibi," nilisema. "Kaanza mwenyewe."

Maneno hayakukwama hata kidogo.

Magharibi ile baba mkubwa alirudi na habari ameshaambiwa njiani. Alisimama ukumbini kwa muda, hakuvua kofia. Bibi alikaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Nilitoa neno langu," alisema baba mkubwa.

"Ulitoa."

"Labda kaona nyoka, mama. Labda kaumwa na kitu."

Bibi alininyooshea kidole bila kunitazama. "Muulize huyu. Alikuwamo."

Baba mkubwa alinitazama. Ni mtu mpole, ndiye aliyeninunulia daftari hili. Akaniuliza, "Alikuwa anaumwa, mwanangu?" na nikaona kabisa anachoniomba. Ningesema ndiyo tu. Hata ukweli usingehitajika.

"Hapana, baba mkubwa," nilisema.

Sare ya dada ilikuwa imening'inia msumarini, imepigwa pasi tangu wiki ile ya kwanza. Baba mkubwa aliitoa mwenyewe. Aliikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, mikono ya shati ikiwa nje, akaitia sandukuni. Siku za ndani zikaanza upya tangu moja.

Chakula akawa anapelekewa na mtoto wa jirani wa miaka sita. Niliingia mara moja, kabla shule haijafunguliwa. Alilala ameelekea ukutani. Nilisema, "Dada, kanda haijaisha. Ile ya jini niliitunga." Hakugeuka. Nilimwahidi nitamwambia bibi kila kitu. Hapo aligeuza kichwa kidogo, akangoja. Nikatoka, nikamkuta bibi uani anaanua nguo, nikampokea nguo, nikazikunja, nikazipeleka ndani. Sikumwambia. Kesho yake sikumwambia pia.

Siku ya kwanza ya kidato cha pili mwalimu aliita majina. Alipofika kwa dada hakuitika mtu.

"Yuko wapi dada yako?"

Nikasimama. "Anaumwa, mwalimu."

"Oo! Bubu kaongea!" mtu alipiga kelele, na darasa likapiga makofi. Mwalimu naye alitabasamu. Mwezi wa pili akanipanga kwenye mdahalo, kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi, akasema nijaribu. Nilijaribu. Nilisimama nikafikiria niko chumbani nainamia sikio la mtu, na maneno yakaja. Mwezi wa nne jina la dada lilifutwa kwenye daftari la mahudhurio kwa rula na wino mwekundu. Nililiona mimi, nilipotumwa kulipeleka daftari ofisini.

Bibi alimtoa ndani mwezi wa tano, na sababu haikuwa huruma. Mpunga ulikuwa unaanza kutunga punje, ndege wamefika, na walinzi hawatoshi. Walimchezea ngoma ya siku moja, wakampaka mafuta, wakamvika kanga mpya doti mbili, na Jumatatu akapelekwa bondeni kulinda ndege. Kule mlinzi hukaa kwenye dungu, kibanda cha juu chenye miguu ya miti, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, akipiga kelele na kurusha madongo kwa kombeo. Ukinyamaza muda wa kula tu, kundi linashuka na punje zinakwenda.

Jumamosi nilitumwa kumpelekea wali. Nilimsikia kabla sijaliona shamba. Sauti ile ile ya mdahalo, imepasuka kidogo, inapita juu ya mpunga kutoka upande huu mpaka upande ule, na ndege wanainuka kama shuka linalokung'utwa. Nilipanda ngazi. Alikuwa amekuwa mweusi tena kwa jua. Alipokea chakula bila kunitazama.

"Shikamoo," nilisema, kwa kutojua la kusema. Hatujawahi kuamkiana hivyo.

"Marahaba, kigori."

Nilikaa. Nikaanza: "Dada, ile siku..."

"Najua," alisema. "Watoto wa mjomba wako walikuja uani mwezi wa pili wanacheza hiyo katuni yako. Nimeisikia yote kupitia dirishani. Jitu na kuku."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?"

Kundi lilitua upande wa mashariki. Alisimama, akapiga ukelele, likaruka. Akakaa, akafunua sahani.

"Mdahalo nani anasimama sasa?"

Nilitamani kusema uongo. Safari hii ndipo uongo ulipokwama. "Mimi."

Aliacha kutafuna. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha kweli, cha kutupa kichwa nyuma, nikadhani labda sasa itakuwa nafuu. "Wewe! Wanakusikia kweli?"

"Wananisikia."

"Haya, simama basi. Mimi nakula. Walinzie hao."

Nikasimama. Ndege walikuwa wametua tena, weusi juu ya mpunga, karibu kabisa. Nikapiga kelele. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, mpaka koo likaniuma, na sauti ikatoka nyembamba ikaishia hapo hapo chini ya dungu. Hakuna ndege hata mmoja aliyeinua kichwa.

"Tena," alisema dada, mdomo umejaa wali.

Nikapiga tena.

"Tena."

Alinipa mgongo, akaendelea kula taratibu, tonge kwa tonge, na kila nilipotaka kukaa akasema tena. Ndege walikula pamoja naye. Alipomaliza alinawa, akajifuta na pindo la kanga, akaokota dongo.

"Shuka," alisema. "Rudi shule."

Nilikuwa kwenye ngazi aliponipigia ukelele juu ya kichwa, na bonde zima likainuka.